Okestra Iliyoanzia Kanisani

Tunapohesabu miaka ya kwaya yetu, tuwakumbuke pia vijana wa Korogocho, Nairobi.

Mwaka 2008, katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, karibu na jaa la taka la Dandora, Elizabeth Njoroge alianzisha mradi wa Ghetto Classics. Watoto ambao wazazi wao hawangeweza kulipia masomo ya muziki wakaanza kushika fidla na tarumbeta. Mradi huu hautafuti faida. Unaendeshwa na shirika la Art of Music Foundation kwa michango ya wahisani, na mapato ya tamasha la Safaricom Jazz yamewahi kuusaidia.

Sisi waimbaji tunajua pesa hizo zinakoenda. Uzi wa fidla hukatika, tarumbeta huharibika, na mwalimu huhitaji nauli kila wiki, hata wakati ambapo hakuna tamasha.

Lakini kuna nguzo nyingine isiyonunuliwa: aliyejifunza humfundisha anayeanza. Baadhi ya wanafunzi wakawa walimu, na kazi ikaenea katika shule nyingine za Nairobi hadi Mombasa.

Kwaya yetu nayo imesimama hivyo hivyo. Solfa tunayoisoma tulifundishwa bure na waliotutangulia. Basi jubilei hii isiishie kwenye keki na sare mpya. Soprano, alto, tena na besi, kila sauti ichukue watoto na kuwafundisha. Tusipofanya hivyo, jubilei ijayo itaimbwa na nani?