Rangi ya Ubao Ina Tarehe

Kabla ndege haijawa bati, ilikuwa ubao. Vijana wengi wa rika langu hawalijui jambo hili, na siwalaumu. Ndege tunazoziona Bariadi zikipita juu kwa juu zinameta kama sufuria mpya, basi tunadhani ndivyo zilivyozaliwa. Lakini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege ilikuwa kazi ya seremala na fundi cherehani. Mifupa yake mbao, ngozi yake kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza, na viungo vyake vimeshikwa kwa gundi, skrubu na waya. Rubani alikuwa anaruka na fanicha, jamani!

Mimi natengeneza modeli, yaani vindege vya mfano vya zamani hizo. Huku kwetu kila mtoto amewahi kutengeneza gari au ndege ya mabua ya mtama, ikaliwa na mbuzi kabla ya jioni. Wenzangu waliacha, mimi nikahamia kwenye mbao. Na kazi ngumu kuliko zote siyo kuchonga. Ni kuifanya mbao ya modeli ionekane kama mbao ya ndege yenyewe. Mtu atasema, "Si mbao ni mbao? Piga vanishi yaishe." Ndugu msomaji, hapo ndipo historia inapoingia. Rangi ya ubao ina tarehe. Usipoijua tarehe, hutaipata rangi.

Hebu twende Rufiji uone ninachosema.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliingia bandari ya Zanzibar, ikaishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus ikazama. Baadaye ikajificha katika delta ya Rufiji. Kule ni mikoko mitupu na mikono ya mto inayopindana, na ukiwa baharini huoni kitu. Waingereza wakaona dawa ni kuitafuta kutoka juu. Novemba mwaka huohuo wakamleta rubani wa kiraia kutoka Durban, H. D. Cutler, na ndege yake ya Curtiss ambayo tumbo lake lilikuwa boti ya mbao. Kituo chake kilikuwa kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia. Cutler aliiona Königsberg, lakini Desemba alishuka na ndege yake deltani akakamatwa na Wajerumani.

Februari 1915 zikaletwa ndege nyingine mbili, aina ya Sopwith 807. Hizi zilikuwa ndege za majini, zinazosimama juu ya maboya. Mkuu wa marubani alikuwa John Cull. Adui wao wa kwanza hakuwa Mjerumani, alikuwa joto na unyevu wa pwani yetu. Ndege zile zilianza kuachia viungo. Zikafuata tatu aina ya Short. Hizo zilijitahidi kidogo, zikapiga hata picha za manowari, lakini nazo gundi yao ikalegea kwa joto huku Wajerumani wakizifyatulia risasi.

Kwa nini gundi ilegee? Gundi za mbao za wakati ule zilitokana na mnyama. Nyingine zilichemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa, nyingine zilitokana na maziwa. Sisi Wasukuma tuliokulia kwenye ng'ombe hatuhitaji profesa hapo. Ngozi kavu ni ngumu kama ubao, lakini iache inyeshewe usiku kucha uone itakavyolegea asubuhi. Tena ubao wenyewe una tabia yake. Ukinywa unyevu unatanuka kwa upana wake, kwa urefu wake haubadiliki sana. Mbao mbili zilizogandishwa pamoja zikitanuka na kusinyaa kila siku, kila moja kivyake, na gundi katikati imelegea, mwisho wake ni kuachana tu.

Ikabidi njia ibadilike. Juni 1915 ukatumika uwanja wa nchi kavu kisiwani Mafia, zikaletwa Caudron mbili na Henri Farman mbili, za magurudumu. Tarehe 11 Julai, Cull na mwenzake Arnold walikuwa angani wakielekeza mizinga ya Severn na Mersey, manowari za Kiingereza zilizoweza kupita penye maji machache. Ndege yao ilipigwa ikaangukia mtoni, lakini walikuwa wamekwisha toa shabaha. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa Königsberg. Mzinga wake mmoja upo mpaka leo Fort Jesus, Mombasa, unaweza kwenda kuugusa. Chuma kimebaki. Zile Sopwith huwezi kuzigusa popote.

Sasa chukua modeli ya Sopwith 807 kwa kipimo cha 1:48. Mabawa yake ni ya kitambaa, hayana shida. Ubao unaonekana kwenye maboya, kwenye nguzo zinazotenganisha bawa la juu na la chini, na kwenye propela.

Watu huanza kwa kuchora nyuzi za ubao, mistari minene kama ya pundamilia. Piga hesabu kwanza. Uzi wa ubao wenye upana wa milimita 1 kwenye ndege halisi, kwa kipimo cha 1:48 unakuwa kama milimita 0.02. Hakuna brashi duniani itakayochora hiyo. Kwa hiyo uzi hauchorwi, unadokezwa. Paka kwanza rangi ya maziwa iliyotiwa kahawia kidogo, iache ikauke kabisa. Kisha chukua rangi ya mafuta ya kahawia, kidogo mno, brashi ngumu iliyokaribia kukauka, uivute mara moja kuelekea urefu wa ubao. Usirudie. Brashi yenyewe itaacha michirizi, na jicho la mtazamaji litamalizia kazi.

Jambo la pili nilifundishwa na mzee mmoja seremala hapa mjini, ambaye huwa namwomba maranda. Aliniangalia nikipaka boya zima rangi moja, akasema, "Mwanangu, mbao mbili za gogo moja hazifanani, sembuse za magogo mawili?" Nikamjibu, "Kweli mzee." Tangu hapo kila kipande naziba vya jirani kwa selotepu, napaka peke yake, kimoja cheupe kidogo, kinachofuata chekundu kidogo. Tofauti iwe ndogo sana. Ukiiona kutoka mlangoni, umezidisha.

Propela ndiyo inayonipa raha. Propela ya wakati ule haikuwa gogo moja. Ziligandishwa mbao kadhaa juu ya nyingine, ndipo ikachongwa. Unapochonga ule mpindo wake, mistari ya magandisho inajitokeza ikizunguka kama kontua za ramani tulizosoma kwenye jiografia. Hii siipaki rangi. Nachukua maranda yaliyotoka kwenye randa ya yule mzee, membamba, ya mninga yenye wekundu na ya paini yenye weupe, nagandisha matano kwa zamu, nakandamiza chini ya tofali usiku mzima, asubuhi nachonga kwa wembe. Kontua zinatoka zenyewe.

Hapo una Sopwith mpya. Inapigwa vanishi yenye tone la manjano, kwa sababu vanishi za zamani zilikuwa na umanjano wake, basi inang'aa kama kabati la bibi harusi. Je, ni kweli? Ni kweli kwa siku moja, siku ya kushushwa melini. Ukitaka Sopwith iliyokaa Niororo, kazi ndiyo kwanza inaanza. Vanishi ya sehemu za juu, zinazopigwa na jua, naififisha kwa msasa laini, ya chini ya bawa naiacha. Penye kiungo napitisha penseli iliyochongwa kali, mstari mweusi, kiungo kinaanza kufunguka. Kwenye boya, pale maji yanapofika, nasugua rangi nyeupe kisha naifuta, ibaki kama chumvi. Na kwenye propela, gandisho moja nalichomeka ncha ya wembe, ufa mdogo tu.

Mwenye duka moja la vinyago Mwanza aliiona modeli hiyo akakunja uso. "Dogo, wateja wanataka kitu kinachong'aa. Hii imeoza." Bei aliyotaja kwa inayong'aa ilikuwa kodi ya chumba changu ya miezi miwili. Nikamtengenezea. Nilipompelekea zote mbili nikamwambia, "Kaka, hii inayong'aa ni ya Februari. Hii nyingine ni ndege ileile, baada ya jua letu." Akacheka, akachukua ya Februari. Nyingine bado ninayo, na siiuzi.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, kupaka ubao pasipokuwa na ubao. Hapa karibu na kwetu, Mwanza, kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta ndege mwaka 1931. Tarehe 28 Februari mwaka huo safari ya kwanza iliondoka Croydon, London, na mwisho wa njia ile ulikuwa Mwanza. Ndege iliyotua ziwani ilikuwa Short Calcutta, na tumbo lake lilikuwa la chuma chepesi, siyo mbao. Anayeichonga leo akaipaka mishipa ya mninga kwa sababu "ni ya zamani" anasema uongo mtupu. Miaka 15 baadaye, 1946, East African Airways ilianza na ndege sita za de Havilland aina ya Dragon Rapide, na hizo zilikuwa za mbao kweli! Lakini mbao ile ilivikwa kitambaa juu yake na kupakwa rangi. Ukionyesha ubao nje ya Rapide, umeivua nguo. Kwa hiyo historia ya ndege haikwendi moja kwa moja kutoka ubao hadi bati. Ubao ulirudi, tena kwa nguvu. Waingereza walipigana Vita vya Pili kwa Mosquito, ndege ya plaiwudi iliyokuwa na mbio kupita kiasi, na mwaka 1944 kule India, kwenye joto na mvua, baadhi ya Mosquito zikakutwa viungo vya mbao vimeachia. Miaka 29 baada ya Rufiji, jamani, na somo ni lilelile.

Nayasema haya kwenye gazeti la waandishi chipukizi kwa makusudi. Wengi wetu tunaota kuandika riwaya ya zamani, ya vita, ya Mjerumani na Mwingereza. Tunaweka ndege angani, "ikang'aa juani", tunasonga mbele. Ndege ipi? Mwezi gani? Ilikuwa bado ina vanishi? Ukijibu maswali hayo utalazimika kuiona pwani yenyewe, joto lake na chumvi yake, na utawaona watu pia. Majina ya Cutler, Cull na Arnold yamo vitabuni. Uwanja wa Mafia haukujifyeka wenyewe, na majina ya waliofyeka hayamo katika simulizi hizo. Modeli inayong'aa haiwahitaji watu hao, inamhitaji rubani tu. Modeli iliyochakaa inakulazimisha uulize nani aliitoa majini, nani aliikausha, nani aliifunika isipigwe na jua.

Penye miti hapana wajenzi, walisema wazee. Kwetu Bariadi hata miti yenyewe ni michache. Lakini maranda yapo kwa kila seremala, hayauzwi, na wembe ni bei ya chai. Anayetaka kujaribu na aanze na propela. Akiikosea, hajapoteza kitu. Akiipatia, ajiulize ni ya mwezi gani.