Meli za Rawson na Hukumu ya Bughaat: Unguja, Agosti 1896

Tumeona tueleze vita vya Unguja vya Alhamisi, tarehe 27 Agosti 1896, sawa na mwezi wa Rabiul Awwal 1314 Hijria. Wengi huvisimulia kwa kicheko, kwamba ni vita vifupi kuliko vyote duniani. Sisi hatuoni cha kuchekesha, kwani watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa kabla ya saa nne asubuhi.

Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na siku hiyohiyo Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kujitangaza Sultani. Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890, walimtaka Sayyid Hamoud bin Muhammed. Khalid alikwisha jaribu mwaka 1893 akarudishwa nyuma. Mara hii alikataa.

Admirali Harry Rawson alikuwa ndani ya St George, na pamoja naye zilikuwapo Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow. Upande wa Khalid baharini ilikuwapo Glasgow, jahazi la fahari ambalo baba yake, Sayyid Barghash, aliundiwa Uskochi mwaka 1878 baada ya tufani ya 1872 kuangamiza meli zake. Ilikuwa na mizinga midogo saba na mmoja wa Gatling. Muda wa onyo ulikwisha saa tatu. Dakika mbili baadaye meli zikaanza kulipiga jumba. Glasgow ikathubutu kuipiga St George, nayo ikajibiwa mpaka ikazama. Mabaharia wake waliokolewa na mashua za Waingereza. Milingoti yake ilibaki juu ya maji kwa miaka mingi, ikitazamwa na kila aingiaye bandarini.

Wanafunzi wetu hapa Kibaigwa, ambao wengi wao bahari hawajaiona, wametuuliza: je, wafuasi wa Khalid walikuwa bughaat?

Swali ni zito, kwa sababu Waislamu walikuwa pande zote mbili. Khalid alikusanya watu kiasi cha 2,800, wakiwemo watumishi na watumwa wa jumba. Na askari wa Kizanzibari wapatao 900 walisimama dhidi yake chini ya Raikes, ofisa wa Kiingereza. Baghi kwa mafaqihi ni mwenye nguvu na taawili anayemtoka imamu aliyethibiti. Vita vilipoanza Hamoud hakuwa amekalia kiti bado. Basi wametoka kwa nani? Kwetu sisi, jina la bughaat haliwaenei, Wallahu aalam.

Na hata tukikubali kuwa walikuwa bughaat, Imamu al-Mawardi, kadhi wa Kishafii aliyefariki mwaka 450 Hijria, ametaja katika al-Ahkam as-Sultaniyya yanayotofautisha kuwapiga hao na kuwapiga makafiri: haombwi asiyekuwa Mwislamu msaada juu yao, hawasimamishiwi mitambo ya kurusha mawe, nyumba zao hazichomwi, mali zao si ngawira. Mzinga wa meli ni nini kama si mtambo huo uliokua?

Hatumtakasi Khalid. Kuingia jumbani na bunduki si baia ya ahlul-halli wal-aqd, nasi Masunni na ndugu zetu Maibadhi hatukhitilafiani katika haja ya shura. Alionywa, akajibu kwamba haamini kuwa watapiga. Akawaacha watu ndani ya jumba lililojengwa sehemu kubwa kwa mbao. Kisha yeye akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Tarehe 2 Oktoba Wajerumani walimchukua kwa meli ya Seeadler hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakampeleka uhamishoni, akafia Mombasa mwaka 1927.

Rawson mwaka uliofuata aliongoza jeshi lililoiteka Benin. Waliomfuata Khalid wakabaki Unguja, wakatozwa gharama ya makombora yaliyowapiga.