Midomo ya Sanamu: Kiswahili katika Historia ya Picha Zinazosema

Katika Uzaramo, nchi inayoenea Kisarawe na kuingia Kibaha, mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, aitunze kama mtoto. Sura yake huchongwa kwa muhtasari tu. Mara nyingi haina kinywa. Ni sanamu inayosemewa.

Kiswahili nacho kiliingia katika filamu kwa njia ya kusemea. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu 35. Sauti ilirekodiwa katika santuri, ikachezwa sambamba na picha. Kwa hiyo filamu moja iliweza kupewa lugha kadhaa, lakini ilikuwa vigumu kuoanisha maneno na midomo ya walioonekana.

Ahuishaye sanamu hawezi kulikwepa tatizo hilo. Sanamu husogezwa kidogo, hupigwa picha, kisha husogezwa tena. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Ili midomo ioane na maneno, sauti hurekodiwa kwanza, hupimwa silabi kwa silabi, ndipo kila sauti ipewe umbo la kinywa.

Hapa fonolojia si pambo. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Maumbo ya kinywa yanayohitajika ni machache. Ugumu umo katika /m/. Neno “mbuzi” lina silabi mbili: midomo hufumba na kufumbua upesi. “Mpira” lina tatu, kwa kuwa /m/ ni silabi kamili, na midomo hubaki imefumbwa hadi /p/ iachiwe. Katika “mtu”, mkazo wenyewe huiangukia /m/. Sanamu hutamka kwa nguvu zaidi ilhali kinywa kimefumbwa! Fundi atumiaye vinywa vilivyopangwa kwa ajili ya Kiingereza atakifumbua mapema, na mtoto atazamaye ataona Kiswahili kimebandikwa juu ya kinywa cha lugha nyingine.

Mwaka 2014 Ubongo Kids, katuni za kuchorwa kwa kompyuta, zilianza jijini Dar es Salaam kwa Kiswahili. Wahusika wake walisema Kiswahili tangu mwanzo, hawakusubiri kutafsiriwa. Mwenye kutaka kuihuisha sanamu ya Kisarawe au Kibaha naye aanze na msemaji wa huko, amrekodi, ahesabu silabi zake. Kinywa kichongwe baadaye.