Kodiani, Tuba na Kompyuta: Tijuana Ilivyojisikiliza Upya

Mwaka 1999, mjini Tijuana, mpakani mwa Meksiko na California, mwanamuziki wa elektroniki Pepe Mogt alizunguka katika studio za mji wake akikusanya rekodi za mabaki za bendi za norteño na banda sinaloense. Aliwagawia wenzake. Ramón Amezcua, maarufu kwa jina la Bostich, akakatakata ngoma na tuba zilizomo, akazipanga upya kwa kompyuta, na wimbo wa “Polaris” ukapatikana. Mtindo ukaitwa nor-tec: norteño na tekno.

Wapo waliolalama kuwa asili imechafuliwa. Asili ipi? Kodiani na polka vililetwa Texas na kaskazini mwa Meksiko na wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki katika karne ya 19, vikakutana na bajo sexto, gitaa la nyuzi 12. Banda ya Sinaloa nayo ni matarumbeta, sauti ambayo sisi tulioachiwa beni na ukoloni hatuhitaji kuelezwa imetokea wapi.

Ninaloona zito zaidi ni suala la tabaka. Vijana hawa walikulia katika tabaka la kati, masikio yao yakielekea Ulaya na ng’ambo ya pili ya mpaka. Norteño kwao ilikuwa kelele za watu wa mashamba: wahamiaji waliofuata kazi katika maquiladora, viwanda vya kuunganisha bidhaa vilivyoenea mpakani baada ya mpango wa serikali wa mwaka 1965, pamoja na wasikilizaji wa corrido za wauza dawa za kulevya. Walichokidharau nyumbani ndicho kilichowafungulia mlango duniani. Mwaka 2001 albamu ya The Tijuana Sessions Vol. 1 ilitolewa na Palm Pictures, kampuni ya Chris Blackwell, yuleyule aliyemtangaza Bob Marley kupitia Island. Ulaya imejaa tekno. Tuba ya Sinaloa ilikuwa bidhaa adimu.

Siwalaumu kwa kuchanganya. Nawadai jambo moja: majina. Mpuliza tuba aliyerekodi akitafuta riziki ya harusi na baa aligeuka kuwa malighafi, na sifa ikaenda kwa aliyemkata vipande. Uhusiano huo haukutofautiana sana na ule wa maquiladora zenyewe. Haki itajwe: baadaye kundi lilianza kuwaita wapigaji hai wa kodiani, tuba na tarumbeta, wakasimama jukwaani pamoja na kompyuta.

Miaka kumi baadaye zamu ikawa ya Monterrey. Vijana wa 3Ball MTY, wakichanganya kumbia na midundo ya dansi kwa programu za kompyuta, walitoa “Inténtalo” mwaka 2011, na mwaka uliofuata wakatwaa Latin Grammy ya wasanii wapya. Hawa hawakuhitaji kuugundua muziki wa mtaani. Walikuwa tayari wanaucheza, wakiwa wamevaa viatu vyao vyenye ncha ndefu.