Waliopima Bahari Yetu: Kumbukumbu za Mabaharia kutoka Leven hadi Owen

Mwaka 1833 kilitoka London kitabu cha juzuu mbili chenye jina la Kapteni William Fitzwilliam Owen, kuhusu safari za kupima pwani za Afrika, Arabuni na Madagaska. Miaka miwili baadaye kikafuata kingine, cha Thomas Boteler, luteni aliyekuwa katika msafara huohuo. Boteler hakukiona chake. Homa ilikuwa imemuua mwaka 1829, akipima pwani ya Afrika Magharibi akiwa kamanda wa meli iliyoitwa Hecla. Ukivisoma vitabu hivyo kwa kutafuta ramani, utachoka mapema. Ukivisoma kwa kutafuta watu, hutavitua.

Kitabu cha Owen chenyewe hakikutoka kwenye kalamu moja. Mhariri alikikusanya kutoka katika shajara za Owen na za maofisa wake, ndiyo maana kinaruka kutoka ofisa mmoja hadi mwingine bila kuaga. Msomaji anayependa mtiririko huudhika. Mimi naona huo ndio utamu wake, kwa sababu unasikia watu wengi wakikumbuka jambo moja, kila mmoja kwa namna yake.

Meli zilikuwa mbili, Leven na Barracouta, na ziliondoka Uingereza mwanzoni mwa 1822. Kazi waliyotumwa ilikuwa ya kuchosha kuliko ya kishujaa. Meli kubwa hazithubutu kuingia kwenye miamba isiyojulikana, kwa hiyo zilitia nanga nje na mashua zikashushwa. Baharia mmoja alisimama omo akirusha bildi, ile risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Tako la risasi lilikuwa na shimo lililojazwa shahamu ili linase mchanga, tope au chenga za matumbawe, maana nahodha hataki kujua kina peke yake. Anataka kujua pia nanga yake itashika nini. Ofisa alipima pembe kwa sekstanti kati ya alama za nchi kavu, mwenzake akaandika. Walipomaliza mstari mmoja waligeuza mashua wakapiga mwingine sambamba na wa kwanza, kama mkulima na matuta yake. Ufukweni kulikuwa na mtu wa kukaa na ufito uliochorwa alama, akisoma maji yanavyojaa na kupwa, kwa sababu kina kilichopimwa maji yakiwa yamejaa hakimfai mtu mpaka kirudishwe kwenye kiwango cha maji yakiwa yamepwa kabisa.

Kilichowaua hakikuwa bahari. Katika ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo ya leo, mashua zilipanda mitoni na watu wakalala kwenye matope na mikoko. Baada ya siku chache wakaanza kutetemeka. William Cutfield, kamanda wa Barracouta, alikuwa miongoni mwa waliokufa, na nafasi yake ikachukuliwa na Alexander Vidal. Mwaka 1823 luteni Browne, daktari Kilpatrick na mtaalamu wa mimea John Forbes walipanda mto Zambezi. Hakurudi hata mmoja kati ya hao watatu. Madaktari wa wakati ule walitibu homa kwa kumtoa mgonjwa damu, na Owen, aliyeona watu wake wakipukutika, alifikia kuamini kwamba tiba hiyo iliua kuliko ugonjwa. Chanzo chenyewe kilikuwa mbu, lakini daktari Ronald Ross alikuja kuthibitisha kuwa mbu ndiye mbeba malaria mwaka 1897, miaka 71 baada ya Leven kurudi nyumbani. Zaidi ya nusu ya watu walioondoka Uingereza na meli hizo hawakurudi. Waliorudi mwaka 1826 walikuja na ramani zipatazo 300.

Watu wenye msiba kiasi hicho huanza kuona mambo. Kitabu cha Owen kinasimulia jioni moja ya Aprili 1823, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, ambapo watu wa Leven waliiona Barracouta upande wa chini ya upepo, karibu kabisa, hata wengine wakadhani wanazitambua nyuso za wenzao. Walipofika bandarini Barracouta haikuwapo. Ilikuja siku kadhaa baadaye, na hesabu za safari zikaonyesha kwamba jioni ile ilikuwa mbali sana na mahali walipoiona. Wapenzi wa hadithi za meli za mashetani wamekula kisa hiki miaka mingi. Kinachonivutia mimi ni kwamba maofisa wenye sekstanti na saa za kuhakikisha kila kitu walikubali kukichapa.

Mombasa ndiko kumbukumbu zao zinakogusana na zetu moja kwa moja. Wamazrui, watawala wa mji, walikuwa wamebanwa na Sayyid Said wa Oman, na Vidal alipopita mwishoni mwa 1823 walimwomba ulinzi wa Waingereza. Akakataa. Owen alipoingia na Leven Februari 1824, alikuta bendera ya Uingereza tayari imepandishwa Fort Jesus na Wamazrui wenyewe. Yeye hakukataa. Alitia sahihi mkataba bila idhini ya wakubwa wake: ushuru ugawanywe nusu kwa nusu, biashara ya watumwa ikome, na ofisa wa Kiingereza akae mjini. Aliyeachwa alikuwa John James Reitz, luteni kijana mzaliwa wa Rasi. Mwezi Mei mwaka uleule alikwenda upande wa Pangani akapatwa na homa, akafa. Kila anayepanda matatu ya Portreitz leo analitaja jina lake.

Baada yake alikuja luteni James Emery, aliyekaa kuanzia Agosti 1824 hadi Julai 1826, London ilipoukataa mkataba na bendera ikashushwa. Emery aliandika shajara, na imehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza. Sir John Gray, aliyekuwa jaji mkuu wa Zanzibar, aliitumia alipoandika kitabu chake cha 1957 kuhusu Waingereza Mombasa. Ni kumbukumbu ya mtu wa meli aliyefanywa mtawala wa mji asioujua, akibishana juu ya ushuru na kutafuta mahali pa kuwaweka watumwa walioachiliwa. Jina la English Point lina mizizi katika miaka hiyo miwili. Leven House na ngazi zake huko Mji wa Kale, na fungu la Leven Bank kaskazini mwa Unguja, yanabeba jina la meli.

Emery alipokuwa akiandika shajara yake, Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mashairi katika mji huohuo, juu ya siasa hizohizo, upande wa Mazrui. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na mmishonari W. E. Taylor walipoyaandika mwishoni mwa karne, na diwani ikachapwa 1940. Atakayeandika historia ya miaka ile kwa kumtegemea Emery bila Muyaka ameandika nusu, na wengi wamefanya hivyo.

Miaka ya 1870 wapimaji walirudi. Sasa walikuwa na mvuke, na Zanzibar ilikuwa kitovu cha kazi. William Wharton alipima maji haya akiwa na Shearwater, kisha Fawn, akaja kuwa mkuu wa idara ya ramani za bahari ya Uingereza kuanzia 1884 hadi 1904. Kitabu chake cha mafunzo ya upimaji, cha 1882, kilisomwa na vizazi vya wanafunzi. Lakini tusidhani meli za upimaji zilikuwa za vipimo tu. Januari 1875 meli ya upimaji Nassau, pamoja na Rifleman, iliipiga Fort Jesus kwa mizinga ili kumtoa Akida Muhammad bin Abdallah aliyemuasi Sultan Barghash. Meli iliyokuja kuchora mlango wa bandari ndiyo iliyobomoa ngome ya bandari, na katika kumbukumbu za kijeshi jambo hilo linatajwa kwa mistari michache tu.

Katika miaka hiyohiyo meli za jeshi la Uingereza zilizofanya kazi pwani hii zilisajili mabaharia Waafrika, wengi wao Zanzibar, wakiitwa Sidi. Walipiga makasia na kuchochea makaa katika joto ambalo Wazungu waliogopa. Katika madaftari wengi hawakuandikwa kwa majina yao. Karani aliwapa majina ya mzaha, yaliyotokana na kamba na vyombo vya merikebu, na mshahara ukatoka kwa jina hilo. Mjukuu anayemtafuta babu yake leo katika nyaraka hizo atakuta jina la kuchekesha na tarehe, basi. Sioni dharau kubwa kuliko hiyo katika historia yote ya meli hizi, na walioifanya hawakuiona kuwa dharau.

Karne ya 20 ilibadili nani anakumbuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, manowari kadhaa ambazo hazikuwahi kumalizwa kama manowari zilikamilishwa kuwa meli za upimaji. Mojawapo ilimalizwa 1949 ikaitwa Owen, kwa jina la kapteni wa Leven. Dada yake aliitwa Dalrymple. Zilipakwa rangi nyeupe, bomba la moshi la manjano iliyofifia, na zilifanya kazi katika Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Hindi. Waliohudumu humo hawakuwa maofisa peke yao wenye wachapaji London. Walikuwepo wapishi, waendesha mashua, mafundi wa injini na vijana wa miaka 18, na walipostaafu waliunda vyama vyao, wakakutana na kuhadithiana.

Wanachokumbuka watu wa namna hiyo si ugunduzi. Ni joto la chini ya sitaha lililowafanya wengi walale juu, kambi za hema ufukweni, na mashua iliyokwenda mstari baada ya mstari huku kipima kina cha mwangwi kikichora mchoro uleule kwenye karatasi siku nzima. Ukitaka kujua kazi hiyo ilivyokuwa, mwulize mwendesha mashua. Mwenye cheo atakuambia juu ya ramani.

Hata hivyo katika karatasi hizo kulikuwa na jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelijua. Kati ya 1959 na 1965 meli zaidi ya 40 za mataifa mbalimbali zilishiriki uchunguzi mkubwa wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1962 Owen ilimchukua Drummond Matthews wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ikavuta kipima sumaku nyuma yake juu ya Carlsberg Ridge, safu ya milima iliyozama kati ya Afrika na India. Namba zilirudi Cambridge, na mwanafunzi wake Fred Vine akazichambua. Septemba 1963 wawili hao walichapisha katika jarida la Nature maelezo kwamba mwamba mpya unaotoka katika safu hiyo hupoa ukishika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati wake, na kwa kuwa sumaku hiyo hugeuka kila baada ya muda mrefu, sakafu ya bahari ina mistari inayopishana pande zote mbili za safu. Maana yake, sakafu inatanuka na mabara yanasogea. Ni moja ya nguzo za elimu ya miamba ya leo, na ilitoka katika zamu za mabaharia waliokuwa wakihesabu siku za kurudi nyumbani. Ufa mkubwa wa chini ya bahari kusini-mashariki mwa Arabuni unaitwa Owen kwa sababu ya meli hiyo.

Kizazi kilichofuata kilikumbuka jambo tofauti kabisa. Mwaka 1982, katika vita vya Falkland, meli za upimaji Hecla, Hydra na Herald zilichorwa misalaba myekundu zikabeba majeruhi kutoka meli ya hospitali Uganda hadi Montevideo. Wazee wa Mombasa na Dar es Salaam wanaifahamu Uganda. Kuanzia 1952 ilikuwa ikileta abiria hapa kutoka London.

Kwa hiyo tunazo kumbukumbu za maofisa wa 1822, na za wapishi wa miaka ya 1960. Za Waswahili waliowaonyesha njia kwenye miamba, waliobeba nguzo na maji ya kunywa kambini na waliosajiliwa kwa majina ya mzaha, karibu hatuna. Kama kuna mzee nyumbani kwenu, Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja, aliyefanya kazi na watu wa meli nyeupe, au kama marehemu babu aliacha cheti, medali au picha, msivitupe. Mrekodini mzee kwa simu, jina lake kamili likitajwa mwanzo, na pelekeni nakala kwenye makumbusho ya Fort Jesus au kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Mwaka huu, si mwakani.