Vijana wa Mizinga Waliopotelea Baharini

Kijana wa Kisii aliyeingia jeshini mwaka 1942 angeweza kufundishwa kupiga mizinga au kuendesha lori, lakini hata akijitahidi sana angeishia vyeo vya chini ya uafisa. Uafisa ulikuwa wa Wazungu. Mwaka huohuo Seth Anthony wa Gold Coast, Ghana ya leo, alipata uafisa katika jeshi la Waingereza, lakini kwa Wakenya mlango huo ulifunguka uhuru ulipokuwa unabisha hodi.

Kwa hiyo, anayetafuta katika historia ya Kenya afisa kijana aliyepotelea baharini vitani humkuta Mwingereza, na nyuma yake mamia ya vijana wa Kiafrika waliozama pamoja naye. Hao walikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano uling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo, ambako wanajeshi wa Afrika Mashariki walikuwa wakijiandaa kwa vita vya Burma. Khedive Ismail, meli ya abiria iliyoundwa Scotland mwaka 1922, ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi.

Jumamosi, Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, baadhi ya abiria walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki baada ya chakula cha mchana. Ilipotimu saa nane na nusu hivi, torpedo mbili za nyambizi ya Japani, I-27, ziliipiga meli. Ndani ya dakika mbili haikuwapo tena. Waliokuwa kwenye sitaha za chini hawakupata hata nafasi ya kugombania ngazi.

Yaliyofuata ni magumu kuyaeleza hata leo. Nyambizi ilijificha karibu na pale manusura walipokuwa wakielea, na manowari Petard na Paladin zilikuwa na meli nyingine nne zilizosheheni wanajeshi za kulinda. Zikadondosha mabomu ya majini palepale, miongoni mwa watu wao wenyewe. I-27 iliibuka, Petard ikairushia torpedo saba, na ya saba ndiyo iliyoizamisha.

Walikufa watu 1,297. Kati ya wanawake 83, sita tu waliokolewa.

Kisii ilikuwa imekwisha kuonja vita vya wageni, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Septemba 12, 1914, Wajerumani waliokuwa wameuteka mji walipigana mchana kutwa na King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza, na Kapteni Thorne wa KAR akauawa. Usiku pande zote mbili zikarudi nyuma, kila moja ikidhani imezidiwa. Jina la Thorne limo katika vitabu vya historia ya vita hivyo. Wapagazi waliochukuliwa baadaye wakafia Tanganyika wakibeba risasi na unga hawakuandikwa kwa uangalifu huo. Sanamu za askari na mpagazi zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928, penye Kenyatta Avenue ya leo, zinawakumbuka wote kwa jumla, bila jina la mtu.

Kwa Wakisii, mtu huzikwa nyumbani, kwenye boma lake. Majirani zao Wajaluo, mwili usipopatikana, huzika tunda la mti wa yago badala yake. Hata hivyo, ili kuzika, ni lazima kwanza upate habari ya kifo, na habari za Khedive Ismail zilibanwa na jeshi wakati wa vita.

Makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, yana mnara wa wanajeshi wasio na kaburi, wakiwemo waliozama na meli hiyo. Familia ya Nyaribari au Ekerenyo yenye babu aliyeingia kikosi cha mizinga na asirudi inaweza kuanzia hapo, au katika kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Yafaa kwenda na namba yake ya jeshi, kama bado imo kwenye karatasi za zamani, kwa sababu makarani wa jeshi waliandika majina ya Kiafrika kama walivyoyasikia.