Kijana mwenye virusi ana haki ya kusoma

Ndugu zangu wa Pwani, dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi hutolewa bure katika hospitali za serikali. Anayezimeza kila siku, virusi hupungua hadi kipimo kisivione, na hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Nionavyo mimi, kinachowaangusha vijana waliozaliwa na virusi ni aibu. Kijana wa bweni huogopa kuonwa akimeza, basi huacha.

Sheria ya ukimwi ya mwaka 2006 inakataza shule kumnyima mwanafunzi nafasi, kumfukuza au kumtenga kwa sababu ya hali yake. Kutoa siri yake bila idhini pia ni kosa. Aliyeonewa ana baraza maalum la kupeleka kesi, lililoundwa na sheria hiyo hiyo.

Mzazi au mlezi, mtafute mwalimu mmoja mwaminifu amwekee mwanao dawa na kumkumbusha saa. Uliza kliniki kama kuna kikundi cha vijana wenzake, umruhusu aende. Maustadhi wa madrasa nao wakemee kejeli. Siri ya mtoto ni amana, na amana huulizwa.